Ligi, kombe au taji la Ulaya: njia ipi ya kuifikisha klabu Ulaya msimu ujao?

Kila ifikapo Aprili ubishi ni uleule. Klabu iko nafasi ya sita kwenye ligi, Alhamisi ina robo fainali ya Europa, Jumapili ina nusu fainali ya kombe, na kikosi hoi. Kocha akipumzisha watu kwenye ligi, nusu ya mashabiki wanamlaani. Akiwapumzisha kwenye kombe, wanamlaani nusu iliyobaki. Ajabu ni kwamba wote wanataka kitu kimoja, timu icheze Ulaya msimu ujao. Wanachogombania ni njia.

Njia zenyewe ni tatu: kumaliza juu kwenye ligi ya nyumbani, kubeba kombe la nyumbani, au kubeba taji la Ulaya lenyewe. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya shabiki asiyejua aombee ipi. Nawafikiria pia wachezaji vijana wa kwetu wenye ofa mbili za Ulaya mkononi, kwa sababu swali la "timu hii itacheza Ulaya?" huulizwa mezani kabla ya kusaini na hujibiwa kirahisi mno.

Vipimo vyangu ni vinne na kila njia itapita humo humo: inafikisha wapi, safari yake ina urefu gani, nini kinaweza kuiharibu, na inamfaa nani. Lakini kuna jambo la kutangulia, maana bila hilo namba zote zitakazofuata hazitaeleweka.

Kwanza chama, halafu klabu

UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ina vyama wanachama 55, na klabu huingia Ulaya kwa tiketi ya chama cha nchi yake. Jina kubwa la klabu halina tiketi. Chama ndicho kinachopewa idadi ya nafasi, ndicho kinachotoa leseni ya klabu, na ndicho kinachopeleka majina.

Idadi ya nafasi inatokana na viwango vya vyama. Kila msimu klabu za nchi moja zinakusanya pointi katika michuano ya Ulaya: ushindi pointi 2, sare 1, na kwenye raundi za awali nusu ya hapo, pamoja na bonasi za kusonga mbele. Jumla inagawanywa kwa idadi ya klabu zilizoiwakilisha nchi hiyo. Klabu nne zikivuna pointi 40, chama kinaandikiwa 10. Hapo ndipo mashabiki wanapojikuta wanamwombea jirani wasiyempenda, kwa sababu anayetolewa mapema bado anahesabiwa kwenye kugawanya. Misimu mitano inajumlishwa, na viwango hivyo vinatumika kwa kuchelewa: nafasi za msimu wa 2025/26 zilipangwa kwa viwango vya mwisho wa msimu wa 2023/24.

Msomaji wa Tanzania hili halimpi shida, analijua kutoka CAF. Nchi 12 za juu Afrika zinapeleka timu nne badala ya mbili, na Tanzania imo. Yanga ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2023, na Simba ilipofika mwaka 2025, pointi zile ziliwasaidia pia wanaomaliza nyuma yao kwenye ligi. Hesabu za UEFA ni tofauti, ila mantiki ni ndugu.

Mfano unaoonyesha nguvu ya chama kuliko yote ni Celtic. Walipokuwa mabingwa wa Scotland mwaka 2024 waliingia moja kwa moja Ligi ya Mabingwa. Mwaka 2025 wakawa mabingwa tena, taji lilelile, lakini Scotland ilikuwa imeteleza nje ya kumi bora za orodha iliyotumika. Wakalazimika kucheza raundi ya mwisho ya mchujo dhidi ya Kairat ya Almaty, Kazakhstan. Mechi zote mbili ziliisha 0-0, na Celtic wakatolewa kwa mikwaju ya penalti. Uwanjani nyumbani kwao hakuna kilichobadilika kati ya misimu hiyo miwili.

Upande wa pesa, mashindano ya klabu za Ulaya ni matatu: Ligi ya Mabingwa juu, Europa ya pili, Conference ya tatu. Tangu 2024/25 kila moja lina timu 36 katika hatua ya ligi, yaani hatua kuu inayofuata mchujo. Ligi ya Mabingwa na Europa kila timu inacheza mechi nane, Conference mechi sita. Kwa kufika tu hatua hiyo, klabu ya Ligi ya Mabingwa inapokea yuro milioni 18.62, ya Europa milioni 4.31, ya Conference milioni 3.17. Ushindi mmoja wa hatua ya ligi ni milioni 2.1 kwenye Ligi ya Mabingwa na 450,000 kwenye Europa. Ukitazama pengo hilo utaona kwa nini makocha wengi wanaitazama nafasi ya nne kuliko kombe.

Njia ya kwanza: msimamo wa ligi

*Inafikisha wapi.* Popote, kuanzia Ligi ya Mabingwa hadi raundi ya kwanza ya mchujo wa Conference. Kwa vyama vinne vya juu (England, Hispania, Italia na Ujerumani) timu nne za kwanza zinaingia Ligi ya Mabingwa bila mchujo. Chama cha tano kinapata tatu za moja kwa moja, cha sita mbili, na kuanzia cha saba hadi cha kumi ni bingwa peke yake.

Tazama mwaka 2025 mshindi wa pili alivyopokewa tofauti. Ajax walimaliza wa pili Uholanzi, chama cha sita, wakaenda zao likizo wakijua wamo. Benfica walimaliza wa pili Ureno, chama cha saba, wakacheza mechi nne za mchujo dhidi ya Nice na Fenerbahçe kabla ya kuingia. Nafasi moja tu ya viwango ilitenganisha likizo na Agosti ya presha.

Kuna pia tiketi mbili za ziada kwa vyama viwili vilivyofanya vizuri zaidi Ulaya msimu uliopita. Msimu wa 2023/24 vilikuwa Italia na Ujerumani, ndiyo maana Bologna na Borussia Dortmund waliingia Ligi ya Mabingwa wakiwa wa tano. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya England na Hispania, wakanufaika Newcastle na Villarreal. Kwa hiyo ukisikia "nne bora" England siku hizi, uliza kwanza kama mwaka huo ni nne au tano.

*Safari.* Ndefu kuliko zote: mechi 38 England, Hispania na Italia, 34 Ujerumani na Ufaransa. Urefu huo ndio uzuri wake. Refa akikuonea Oktoba, una miezi saba ya kurekebisha. Uholanzi wanaongeza mtoano mwisho wa msimu kugombea tiketi ya Conference, kwa hiyo kule aliyemaliza wa tisa anaweza bado kuwa na ndoto Mei.

*Kinachoweza kuiharibu.* Vitu vidogo mno. Tarehe 25 Mei 2025 Newcastle na Aston Villa walimaliza Ligi Kuu England wote na pointi 66. Newcastle walikuwa na tofauti nzuri ya magoli, wakaenda Ligi ya Mabingwa. Villa walioshindwa 2-0 Old Trafford siku hiyo wakaenda Europa. Pointi sawa, na pengo la zaidi ya yuro milioni 14 hata kabla ya mpira kuchezwa.

Kwa nchi za chini hatari ni nyingine: kumaliza juu bila kuwa bingwa. Mchujo wa Ligi ya Mabingwa umegawanywa pande mbili. Upande wa mabingwa unatoa timu tano, upande wa wasio mabingwa unatoa mbili tu. Mwaka 2025 tano hizo zilikuwa Bodø/Glimt, Kairat, Pafos, Qarabağ na Copenhagen. Upande wa pili walipita Benfica na Club Brugge. Majina hayo yanajieleza: ukiwa wa pili katika nchi ya kati utakutana na watu wa namna ya Benfica.

Bingwa wa nchi ndogo, kwa upande wake, ametandikiwa magodoro kila anapoweza kuangukia. Akitolewa anashuka mashindano ya chini na kuendelea, na hubaki upande wa mabingwa wenzake. The New Saints wa Wales mwaka 2024 walifungwa na Ferencváros kwenye mchujo wa Ligi ya Mabingwa, wakashuka Europa wakatolewa na Petrocub, wakashuka Conference wakawatoa Panevėžys, na hivyo kuwa klabu ya kwanza ya ligi ya Wales kufika hatua ya ligi. Walitolewa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, na bado wakaandika historia.

*Inamfaa nani.* Klabu yenye kikosi kipana na subira. Inamfaa zaidi ya wote anayeweza kuwa bingwa nje ya kumi bora, kwa sababu ya magodoro hayo. Kwa timu ya nafasi ya tisa kwenye ligi kubwa, njia hii ni maneno ya mkutano na waandishi tu.

Njia ya pili: kombe la nyumbani

*Inafikisha wapi.* Kwa vyama saba vya juu, bingwa wa kombe anaingia hatua ya ligi ya Europa moja kwa moja, hata akiwa wa kumi na ngapi kwenye ligi. Chini ya hapo anaanzia kwenye mchujo, wa Europa kwa vyama vya kati na wa Conference kwa vyama vya mwisho. England ina kombe la pili, Kombe la Ligi, ambalo zawadi yake ni raundi ya mwisho ya mchujo wa Conference. Kwa taarifa tu: hakuna klabu yoyote, hata ya England, inayoingia hatua ya ligi ya Conference bila kupita mchujo.

Kombe halimpeleki mtu Ligi ya Mabingwa. Hilo ndilo dari lake, na ni vizuri shabiki alijue kabla hajamlaumu kocha.

*Safari.* Fupi kupita zote. Klabu ya Ligi Kuu England inaanza Kombe la FA raundi ya tatu, Januari, na mechi sita zinatosha kulibeba. Ndiyo maana mwaka 2025 ulikuwa mwaka wa watu wa katikati. Crystal Palace walimaliza ligi nafasi ya 12 lakini waliifunga Manchester City 1-0 Wembley tarehe 17 Mei, goli la Eberechi Eze, likawa taji lao kubwa la kwanza. Bologna, wa tisa Italia, waliifunga Milan 1-0 na kumaliza ukame wa miaka 51. Stuttgart, wa tisa Ujerumani, waliifunga Arminia Bielefeld ya daraja la tatu 4-2. Go Ahead Eagles waliwatoa AZ kwa penalti wakabeba Kombe la Uholanzi kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa Uholanzi ni chama cha sita, timu hiyo ya mji mdogo wa Deventer ikaenda moja kwa moja Europa. Kwa ligi pekee sioni hata mmoja kati ya hawa wanne ambaye angefika hatua hiyo bila mchujo.

*Kinachoweza kuiharibu.* Jioni moja mbaya, hilo la kwanza. Ukipangiwa kigogo ugenini raundi ya kwanza, basi. La pili ni kwamba mshindwa wa fainali haondoki na kitu. Zamani England aliyefungwa fainali na bingwa aliyekwisha kufuzu alirithi tiketi. Kuanzia 2015/16 tiketi inarudi kwenye ligi. Bielefeld walifika fainali ya Ujerumani kwa maajabu na wakaondoka Berlin bila Ulaya. Milan walioshindwa na Bologna walimaliza ligi wa nane, wakakaa nje ya Ulaya msimu mzima.

La tatu ni la makaratasi, na ndilo linaloumiza. Palace hawakucheza Europa waliyoipata kwa kombe hilo. Kanuni za UEFA zinazuia klabu mbili zenye mwenye sauti mmoja kushiriki mashindano mamoja, na John Textor alikuwa na hisa Palace na pia Lyon ya Ufaransa, iliyokuwa nayo Europa. Tarehe ya mwisho ya kurekebisha umiliki ilikuwa 1 Machi 2025, siku ambayo kombe lilikuwa bado liko mbali. Palace wakashushwa Conference, CAS, mahakama ya usuluhishi wa michezo, ikathibitisha uamuzi huo Agosti 2025, na nafasi yao Europa ikaenda kwa Nottingham Forest waliomaliza wa saba. Drogheda United, mabingwa wa Kombe la Ireland 2024, walipata mabaya zaidi: waliondolewa kabisa kwa sababu wamiliki wao walikuwa na Silkeborg ya Denmark. Timu za ligi zinapatwa pia na kanuni hii, lakini klabu ya kombe haitarajii kufuzu, kwa hiyo mawakili wake mara nyingi wanakuwa usingizini mwezi Machi.

Pia ligi haikusubiri. Wigan mwaka 2013 waliifunga Manchester City fainali ya Kombe la FA, siku chache baadaye wakashuka daraja. Msimu uliofuata walicheza makundi ya Europa wakiwa timu ya daraja la pili. Wapo wanaosema bora kombe kuliko kubaki. Mimi ningeuliza wafanyakazi wa klabu kabla ya mashabiki.

*Inamfaa nani.* Timu ya kati katika vyama saba vya juu, iliyo salama na kushuka daraja na isiyo na matumaini ya sita bora. Inaifaa pia klabu moja ya pekee kabisa, Vaduz. Vaduz wanacheza ligi ya Uswisi kwa sababu Liechtenstein haina ligi yake, lakini tiketi ya Uswisi si yao. Hata wakimaliza juu huko, mlango wao wa Ulaya ni Kombe la Liechtenstein, na kwa mlango huo walifika makundi ya Conference 2022/23. Swansea ni kinyume chake: klabu ya Wales iliyobeba Kombe la Ligi la England mwaka 2013 ikaenda Europa kwa tiketi ya England. Ramani ya UEFA inafuata ligi na chama, haifuati mpaka.

Njia ya tatu: kubeba taji la Ulaya

*Inafikisha wapi.* Bingwa wa Ligi ya Mabingwa anarudi kuitetea. Bingwa wa Europa anaingia Ligi ya Mabingwa. Bingwa wa Conference anaingia Europa. Nafasi hizi ni za juu ya hesabu ya chama, hazimnyang'anyi mtu wa nyumbani. Mashabiki wa Tottenham wenye kumbukumbu wanajua haikuwa hivi siku zote: mwaka 2012 walimaliza wa nne, Chelsea waliomaliza wa sita wakabeba Ligi ya Mabingwa, na England ikiwa na kikomo cha timu nne Tottenham wakasukumwa Europa.

Historia iliwalipa. Msimu wa 2024/25 Tottenham walipoteza mechi 22 za ligi, wakamaliza wa 17, nafasi moja juu ya wanaoshuka. Tarehe 21 Mei mjini Bilbao waliifunga Manchester United 1-0, goli la Brennan Johnson, na wa 17 wa England akaingia Ligi ya Mabingwa. England ikawa na timu sita humo. Kocha Ange Postecoglou alifukuzwa siku 16 baadaye, na hilo nalo ni jibu kwa anayedhani njia hii inafuta dhambi za ligi.

Tottenham hawakuwa wa kwanza. Villarreal walibeba Europa 2021 wakiwa wa saba Hispania, na msimu uliofuata wakafika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa. Sevilla walibeba 2023 wakiwa wa 12. West Ham walibeba Conference mwaka huohuo wakiwa wa 14 England, wakaenda Europa.

Kuna kosa ambalo mashabiki hulirudia: kudhani kwamba bingwa wa Ulaya akiwa amefuzu pia kwa ligi, nafasi yake ya ziada inashuka kwa anayemfuata nyumbani. Haishuki. PSG walipobeba Ligi ya Mabingwa 2025 wakiwa pia mabingwa wa Ufaransa, aliyepandishwa moja kwa moja alikuwa Olympiacos ya Ugiriki, kwa sababu ya kiwango chake kati ya mabingwa waliokuwa waanzie mchujo.

*Safari.* Tottenham walicheza mechi 15, nane za hatua ya ligi, sita za mtoano na fainali. Waliomaliza kati ya nafasi ya tisa na ya 24 wanaongezewa mbili. Na ili uanze safari hii lazima uwe umeshafika Ulaya kwa njia nyingine. Kwa klabu iliyo nje, njia ya tatu haipo.

*Kinachoweza kuiharibu.* Manchester United wanajua. Walimaliza ligi wa 15, wakaweka yote kwenye usiku mmoja wa Bilbao, na walipofungwa wakakosa Ulaya yote kwa mara ya kwanza tangu 2014/15. Kingine, tangu mfumo mpya uanze, aliyetolewa Ligi ya Mabingwa katika hatua ya ligi haangukii tena Europa. Zamani vigogo waliangukia huko Februari na kuwavurugia wadogo. Sasa timu ya kati iliyoko Europa haitakutana nao, jambo linaloifanya njia hii kuwa nyepesi kidogo kuliko zamani.

*Inamfaa nani.* Klabu kubwa yenye msimu mbovu. Ina wachezaji wa kiwango, inacheza na timu za nchi zenye bajeti ndogo, na ligi imeshaiponyoka. Klabu inayochungulia kushuka daraja isiige Tottenham, kwani pointi zao 38 ziliwatosha kwa sababu tu waliokuwa chini yao walikuwa wabovu mno mwaka ule.

Ikiwa hali yako ni hii

Timu yako iko nafasi ya nne hadi ya sita katika chama cha kwanza hadi cha nne, na Aprili imefika: ombea ligi. Kombe litakupa Europa, na Europa pengine unayo tayari. Fuatilia pia matokeo ya wenzako wa nchi moja Ulaya, kwani ndiyo yanayoamua kama wa tano atapanda. Usiku huo mpinzani wako wa jadi akishinda, usimzomee.

Iko ya nane hadi ya 14 katika vyama saba vya juu, na haiko hatarini kushuka: panga kikosi kamili kwenye kombe kuanzia raundi ya kwanza. Kama mmiliki ana hisa kwenye klabu nyingine ya Ulaya, makaratasi yaanze mapema, kabla ya Machi.

Iko chini kwenye ligi lakini imebaki Europa au Conference hadi robo fainali: hesabu pointi za kubaki daraja kwanza. Zikishatimia, peleka kila kitu Ulaya. Zisipotimia, ligi.

Iko chama cha tano hadi cha kumi: tofauti kati ya bingwa na wa pili ni kubwa kuliko inavyoonekana kwenye msimamo, hasa kuanzia cha saba kushuka. Timu inayogombea ubingwa ipumzishe watu kwenye kombe bila aibu. Timu ya tatu au ya nne ifanye kinyume, hasa Uholanzi na Ureno ambako kombe linaingiza Europa bila mchujo.

Iko nje ya kumi bora: ubingwa wa ligi unashinda vyote. Kairat walianza raundi ya kwanza kabisa mwaka 2025 na kumaliza wakiwa Ligi ya Mabingwa. Bingwa wa kombe wa nchi hizo hana magodoro mengi kama hayo.

Na wewe kijana mwenye ofa mbili. Mbwana Samatta aliwafunga Liverpool pale Anfield Novemba 2019 kwa sababu Genk walikuwa mabingwa wa Ubelgiji. Victor Wanyama aliwafunga Barcelona Novemba 2012 baada ya Celtic kupita mchujo dhidi ya HJK na Helsingborg, na wakati ule mechi zile za Agosti hazikumvutia mtu huku kwetu. Kwa hiyo wakala akikwambia "timu hii inacheza Ulaya", mwulize imefuzu kwa ligi au kwa kombe, inaanzia raundi ipi, chama chake kiko nafasi ya ngapi kwenye orodha itakayotumika msimu huo, na ikitolewa raundi hiyo inashukia wapi. Timu inayoanzia raundi ya mwisho ya mchujo wa Ligi ya Mabingwa ina uhakika wa Europa angalau, hivyo mechi nane zipo. Inayoanzia raundi ya pili ya Conference inaweza kumaliza Ulaya yake kabla Julai haijaisha, nawe ukabaki na mechi za ligi ya ndani hadi Mei. Mshahara ukikaribiana, chagua ya kwanza. Ya pili ikikuhakikishia kucheza kila wiki huku ya kwanza ikikuweka benchi, hapo rudi kwenye umri wako: mwenye miaka 19 anahitaji dakika uwanjani kuliko wimbo wa Ligi ya Mabingwa, mwenye 26 anaweza kujaribu.